Gari Iliyoinuliwa

Masisi, 11 Februari 2001

Kaka yangu Muhindo,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, shemeji Aimée na watoto wote hapo Butembo. Najua mmekaa mezani na unasoma kwa sauti, kama Papa alivyokuwa akitusomea barua za wajomba, kwa hiyo yule anayemchokoza mwenzake chini ya meza anyamaze kwanza. Sisi tunaishi. Mke wangu Verdiane ameinuka kutoka malaria na ameanza tena kunigombeza, basi najua amepona. Kule Kingi watu wamevuna mahindi mabichi. Wanaogopa kwamba wakingoja yakauke, watavuna wengine wenye bunduki.

Binti yenu Kétsia ni mzima. Nilipita kwake Kibua juma lililopita. Wauguzi wenzake walipanda Goma kuchukua dawa na hawakurudi, kwa hiyo kituo kizima cha afya kiko mgongoni mwake. Amekonda kidogo, shemeji usiogope, ni kukonda kwa kazi tu. Ananituma niwaambie kwamba anasali na anakula.

Sasa neno lenyewe. Kaka, nimeinua gari. Vuta pumzi halafu uendelee kusoma. Hii jeep uliyoitengeneza kwa mikono yako ukanikabidhi ilikuwa inalala tumbo kwenye tope kila safari, kuanzia Nyabiondo kushuka. Makamyoni, malori ya mizigo, yamechimba mitaro miwili na katikati kumebaki mgongo wa udongo. Gari inakaa juu ya huo mgongo, magurudumu yanazunguka bure. Kabla ya Noeli tulilala pale na chumvi ya watu, na waliotutokea hawakuja kusukuma. Nikaenda kwa Sebahire, fundi wa hapa ambaye ametengeneza makamyoni maisha yake yote. Akachukua malame kutoka kamyo moja iliyoungua, vile vyuma vya kupinda vinavyobeba uzito wa gari, akaniongezea mbele na nyuma. Gari imepanda shibiri nzima. Sasa inapita pale makamyoni yanapobaki.

Lakini usukani, ile volani, si ule ulionipa. Zamani nikitoka kwenye kona nilikuwa nalegeza mikono tu, unarudi wenyewe. Sasa unabaki pale nilipouacha mpaka niurudishe mimi. Njia ikinyooka, gari inatangatanga, kushoto, kulia, naishika bila kupumzika. Nikigonga shimo, usukani unataka kunitoka mikononi. Sebahire anasema nitazoea. Mikono imezoea kidogo, roho bado.

Nakuuliza kwa sababu watu wa Kibua wameanza kuhama, wachache wachache, wale wenye pa kwenda. Nimlete Kétsia huku Masisi kwa gari hii, ao ningoje? Wewe njo baba yake na wewe njo fundi. Barua hii anaibeba Michel, yule mfanyabiashara wa maharage.

Mdogo wako,
Stéphane

*

Butembo, 6 Machi 2001

Mdogo wangu Stéphane,

Salamu kwako na kwa Verdiane. Hapa wote wazima. Aimée ana ile presha yake, inapanda kila redio inapotaja Walikale, upande aliko Kétsia, kwa hiyo nimeiondoa redio sebuleni nikasema imeharibika. Watoto wanasoma. Kétsia ametuma salamu, tumezipokea. Michel alifika juzi tu. Njia ya Kanyabayonga imefungwa, alilazimika kutokea Bunagana, kuzunguka Uganda yote na kuingia kwa Kasindi. Barua yako ina mihuri mingi kuliko pasipoti yangu.

Juu ya gari, ulinipigia hodi baada ya kuingia ndani. Ungeuliza kabla ya kuinua. Gari si nyumba, huwezi kuongeza orofa juu ukaacha msingi vilevile. Ukiinua, kila kitu kilichokuwa kimepangwa chini kinabadilisha pembe: fimbo ya usukani inalala vibaya, mpira wa breki unavutika, na uzito wote unahamia juu. Na ninyi huko juu ya mizigo mnapakia watu, na juu ya watu mnaweka kuku. Gari iliyoinuliwa ikiegemea kwenye kona hairudi kama ile ya chini. Mwaka jana waliniletea moja iliyobingirika mteremko wa Kabasha. Mimi njo nilinyoosha bodi. Kabla ya kuanza kazi nilitoa viatu ndani, na vingine vilikuwa vidogo sana.

Nijibu vizuri, usinijibu kwa mzaha. Huyo Sebahire, alipoongeza malame, aliweka kabari? Nataka kusema vile vipande vya chuma vyenye upande mnene na upande mwembamba, kati ya malame na ponti ya mbele, ile ekseli ya magurudumu. Kama aliweka, upande mnene unaangalia wapi? Mpira wa breki una nafasi ukikata kona mpaka mwisho? Usukani unakaa kombo ukienda moja kwa moja? Angalia kwa macho yako, lala chini ya gari mwenyewe, usimtume mtu.

Juu ya Kétsia: asipande gari hiyo. Hata ukipita mlangoni kwake, hata akiomba. Usukani usiorudi wenyewe mimi simwekei mtoto wangu, na ule mteremko wa kutoka Kibua naukumbuka. Tengeneza kwanza. Watu wanahama na kurudi tangu vita ya kwanza, juma mbili tatu hazitabadilisha kitu.

Kaka yako,
Muhindo

*

Masisi, 30 Machi 2001

Kaka,

Amani ya Bwana iwe kwenu. Shemeji, pole kwa presha. Huku mvua inanyesha mpaka kuku wanalala mchana. Verdiane amepata kazi ya kushona sare za shule, ingawa shule yenyewe imejaa watu waliotoka upande wa Burungu, na mwalimu anafundisha chini ya turubai.

Barua yako ilinikuta nikiwa nimepakia tayari kwenda chini. Nimelala chini ya gari kama ulivyoamuru, na tope limeniingia mpaka masikioni. Kabari zipo. Sebahire aliziweka, moja kila upande, na upande mnene unaangalia nyuma. Anaapa kwamba njo namna yake, ameweka hivyo kwenye makamyoni yote ya barabara hii. Mpira wa breki umevutika kweli, nikikata kona mpaka mwisho unakaza kama kamba ya nguo. Usukani ukienda moja kwa moja unakaa kombo, umeegemea kulia. Zaidi ya hapo sijui kuangalia.

Nilishuka Kibua na chumvi na sabuni. Kétsia alikuwa amesikia sauti ya gari kutoka mbali, nikamkuta amesimama nje na mfuko wake umefungwa. Watu walikuwa wamemwambia kwamba vijiji vya nyuma vimebaki tupu. Siku ile kituo hakikuwa na mgonjwa hata mmoja wa kulala, alikuwa amefunga mlango kwa kufuli. Nikamwambia ulivyoandika. Alinitazama, akacheka kidogo, akaniambia: "Papa njo alisema vile? Bon. Tutangoja volani." Akafungua kufuli akarudisha mfuko ndani. Nikapandisha watu wengine, mama mmoja na wazee wake, na gari ilitangatanga njia nzima lakini tulifika.

Nimekutii, kaka, na sikupenda kukutii. Nakuandikia ili ujue hivyo. Fanya haraka na dawa ya huu usukani.

Stéphane

*

Butembo, 21 Aprili 2001

Mdogo wangu,

Salamu za Pasaka, ingawa imepita. Tulikula wali na nyama, na kiti cha Kétsia Aimée alikiweka mezani, sikumkataza. Mwambie Verdiane hongera ya kushona. Dada yetu mdogo Augustine amejifungua mtoto mwanamume huko Beni, wote salama.

Ninajua ugonjwa wa gari yako. Sebahire si mjinga, ila amezoea makamyoni. Kwenye kamyo malame yanakaa juu ya ponti. Kwenye hii jeep yako malame yapo chini na ponti imekaa juu yake. Kwa hiyo kabari inayofaa kamyo, hapa inafanya kinyume: ilitakiwa kuegemeza ponti nyuma, imeiegemeza mbele. Magurudumu ya mbele ya gari yanahitaji kuegemea nyuma kidogo, kama gurudumu la baiskeli kwenye uma wake, njo maana baiskeli inaenda hata ukiachia mikono. Sebahire ameyaondolea hata ule mwegemeo mdogo uliokuwa umebaki.

Fanya hivi. Inua mbele, weka gogo imara, usitegemee jeki. Fungua bolti za malame, zigeuze kabari, upande mnene uangalie mbele. Kaza, endesha kidogo, kaza tena, kwa sababu malame mapya yanalala. Mpira wa breki mpya nimeukata mimi, mrefu wa kutosha, Michel anao pamoja na barua hii. Fimbo ya usukani ilegeze na uirefushe mpaka usukani ukae sawa. Bado kwenye mashimo utavutwa kidogo, hilo halitaisha, kwa hiyo nenda polepole kuliko zamani. Na juu ya mzigo asikae mtu.

Jaribu tupu, halafu na mzigo, kwenye mteremko. Usukani ukirudi wenyewe, siku hiyohiyo nenda ukamchukue mtoto. Usingoje barua yangu nyingine. Asibishane na wewe, mwambie ni mimi niliyesema. Aimée ametandika kitanda chake tangu juzi, kana kwamba kutoka Kibua hadi hapa ni kutoka chumba kwenda chumba.

Muhindo

*

Masisi, 20 Mei 2001

Kaka yangu Muhindo,

Tumsifu Yesu Kristo. Nawasalimu nyote. Verdiane anawasalimu. Mvua imepungua. Mtoto wa Augustine Mungu amkuze.

Juu ya gari: ulisema kweli kabisa. Tuligeuza kabari mimi na Sebahire, gogo chini kama ulivyosema. Mwanzoni alinuna, halafu alipolala chini mwenyewe akaona malame yako chini ya ponti, alitoka akaniomba msamaha. Nilimwambia hakuna neno. Mpira wa breki uliingia vizuri, hauvutiki tena. Fimbo ya usukani tuliirefusha mara mbili mpaka usukani ukakaa sawa.

Nilijaribu kwenye mteremko wa kanisa. Niliachia mikono kwenye kona na usukani ukarudi wenyewe, taratibu, mpaka katikati. Nilikaribia kulia, kaka. Nikapakia mawe, nikajaribu tena, vilevile. Kwenye kona kali bado inaegemea, lakini sasa unasikia mapema, inakupa nafasi ya kupunguza. Nikashuka chini kesho yake. Kwenye ile mitaro baada ya Nyabiondo ilipita bila kugusa. Daraja la miti nililipita nikiwa nimeshika usukani kwa vidole tu. Kwenye kupanda nilikuwa nimebeba watu wengi, wagonjwa, wengine wamelala, na ilibidi niende polepole wasiumie, na gari haikutangatanga hata mara moja. Mama mmoja aliyekuwa ndani alilala usingizi njia nzima. Breki zilishika vizuri kwenye mteremko. Malame yalilia kidogo, nimeyakaza tena nilipofika. Ningesema gari ni nzuri kuliko ile uliyonipa mwanzo, usichukie.

Nitakaza tena bolti baada ya juma moja kama ulivyoagiza.

Wasalimu wote,
Stéphane

*

Butembo, 9 Juni 2001

Stéphane,

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya Aimée na watoto, mpaka mwisho. Nilipofika kwenye salamu nikageuza karatasi nyuma, kulikuwa tupu. Aimée aliinuka akaenda jikoni.

Umeniandikia juu ya usukani ukurasa mzima. Mtoto wangu iko wapi?

Hii utakayoandika nitaisoma peke yangu. Andika yote.

Muhindo

*

Masisi, 28 Juni 2001

Kaka yangu,

Sina salamu za kuanza nazo. Nilijua mnasikiliza wote, na sikuweza kumwambia shemeji kitu kama hicho kwa mdomo wako, mezani. Nisamehe ile barua. Niliiandika mara nyingi na kila mara mkono ulikuwa unarudi kwenye gari.

Nilipofika Kibua na gari imetengenezwa, kituo kilikuwa kimejaa. Walikuwa wamepigana kule nyuma na majeruhi waliletwa kwa machela, wengine walijikokota wenyewe. Kulikuwa na mama aliyekuwa amezaa jana yake na hawezi kusimama. Nilimwambia Kétsia kwamba gari imepona, kwamba wewe mwenyewe umesema apande na asibishane. Alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. Alikuja akaangalia gari, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kuwapanga ndani yeye mwenyewe, yupi alale, yupi akae, yupi amshike mwenzake. Yule mama aliyezaa alimweka mbele pembeni yangu. Hapo palikuwa pa Kétsia, nilikuwa nimempangia hapo.

Nilimshika mkono. Nilimwambia tutoe hata mmoja, mzee mmoja ambaye hata Kétsia mwenyewe aliona hatafika. Alinijibu kwa sauti ya chini ili mzee asisikie: "Papa mudogo, mimi niko na miguu. Hawa habana miguu. Peleka, kisha urudie, utanikuta hapa." Nilikasirika, nilimwambia maneno mabaya, nilimwambia anataka kuwaua wazazi wake. Alinipa chupa ya maji kwa ajili ya wagonjwa. Nikaondoka.

Niliwashusha Masisi nikageuza hapohapo. Nyabiondo wanajeshi walikuwa wameweka kizuizi, hakuna gari ya kushuka. Nilikaa pale nikilala ndani ya gari, nikiomba kila kamanda aliyepita. Waliponiachia nilimkuta Mama Françoise njiani, yule anayesafisha kituo. Alikuwa anapanda na miguu na alinisimamisha kwa mikono miwili. Wenye bunduki walikuja asubuhi, aliniambia. Wale walioweza kukimbia walikimbia. Kétsia alibaki na wale wasioweza. Waliwaua ndani, kaka, na nyumba wakaitia moto.

Mama Françoise na wanaume wachache walimzika nyuma ya kanisa dogo, yeye peke yake, si pamoja na wengine, kwa sababu walimjua. Nilienda mpaka pale. Nimeweka msalaba wa mti na nimeandika jina lake lote kwa msumari. Sikulia pale, nililia nilipofika kwa Verdiane. Wale niliowapandisha wote wanaishi, hata yule mzee. Mtoto yule mchanga wamempa jina la Kétsia. Sikutaka kukuambia hili, lakini umesema niandike yote.

Sijui nikuandikie nini kingine. Nipige, nitukane, nitapokea.

Stéphane

*

Butembo, 19 Julai 2001

Mdogo wangu Stéphane,

Nimesoma. Nilisoma garajini, nikiwa nimefunga mlango, halafu nikaenda nyumbani na kumwambia Aimée kwa mdomo wangu. Sikumsomea karatasi. Misa imefanyika Jumamosi, watu walijaa mpaka nje, na mimi nilisimama mbele kupokea mikono ya watu bila kusikia mtu anasema nini. Augustine alikuja kutoka Beni na mtoto mgongoni, na bado yupo kwetu.

Sikutukani. Hukufanya kosa. Wewe uliuliza mwezi wa pili na mimi nikajibu mwezi wa tatu. Uliniandikia kwamba hukupenda kunitii, na kwamba siku ile mlango ulikuwa na kufuli na mfuko umefungwa. Gari ile mbaya ilipanda na watu wa wengine na ilifika. Mimi niliogopa mteremko. Nimetengeneza magari miaka yangu yote, nikaona hatari ile ninayoijua, nyingine sikuiona. Usiku nalala nikihesabu kona za njia ile, na kila mara gari inafika.

Kuna neno moja ambalo lazima nikuambie kabla hujaja, kwa maana najua utakuja kutuona njia ikifunguka. Ile barua yako ya mwezi wa tatu niliisoma mezani kama nyingine zote. Nilipofika pale uliposema Kétsia alikuwa nje na mfuko wake, niliruka. Nilisoma kabari, nikasoma mpira wa breki, nikaenda kwenye jina lako. Aimée hajui kwamba mtoto alikuwa tayari. Swali lako alilisikia mezani, jibu langu hakulisoma, hajui kwamba mimi njo nilimkataza.

Sasa ameanza kuuliza. Ameambiwa na watu kwamba gari yako ilishuka Kibua mwezi ule wa tatu na kupandisha watu. Jana alikaa kitandani kwa Kétsia, kile alichokitandika, akaniuliza kwa nini mtoto wake hakupanda siku ile. Hakuniuliza kwa hasira. Nilimwambia gari ilikuwa imejaa.

Stéphane, wewe ni mdogo wangu na tangu Papa afe mimi njo ninayekupa amri. Leo siamuru, nakuomba. Akikuuliza, mwambie gari ilikuwa imejaa.

Kaka yako,
Muhindo